Wiki ya Kugandisha Bahari Mjini Juba

Jumatatu

Mjomba amenipigia simu saa kumi alfajiri. Kwake Kilifi ilikuwa saa kumi na moja, na tayari alikuwa ameshaoga. Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021, na tangu siku hiyo ukoo mzima hunikuta kitandani. Nimemweleza. Amesema nitalala mchana.

Alitaka kujua vimwani vyake vimefikia wapi. Si mwani ule wa Paje na Jambiani, Zanzibar, unaofungwa kwenye kamba kisha ukaanikwa juani. Hivi ni vya chembe moja moja, huvioni bila hadubini, ila vikiwa vingi maji yanageuka kijani. Mjomba anafuga mwatiko kwenye mabwawa nyuma ya mikoko. Vifaranga huwakamata ufukweni kwa chandarua, msimu ukiruhusu na wenzake wasipomtangulia. Sasa anataka kuangua mwenyewe, kwa sababu amesikia Zanzibar wanafanya hivyo kwenye kituo cha Beit el Ras kilichojengwa kwa msaada wa FAO na Wakorea. Kifaranga wa mwatiko aliyeanguliwa juzi hali pumba. Anakula vidudu viitwavyo rotifa, na rotifa nao wanakula vimwani. Mjomba alianza na samaki, na sasa anatakiwa kulima kitu asichokiona. Ananilaumu mimi.

Ubaya wa vimwani ni kwamba havina likizo. Kila wiki au mbili uvihamishie maji mapya yenye mbolea, la sivyo vinakufa. Akiingia mdudu mmoja mgeni kwenye chupa, ukoo umekwisha. Ndiyo maana wenye akili huvigandisha. Kwenye nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kimwani hakili, hakizai, wala hakipigi simu alfajiri. Huko Oban, Uskoti, kuna hazina kubwa ya vimwani na viumbe wa jamii hiyo, na sehemu yake imehifadhiwa hivyo. Nadhani watunzaji wake hulala Jumamosi.

Mimi hufundisha kazi za maabara kwenye chuo kimoja hapa Juba. Mradi wetu, kwa jina lake la heshima, ni Uhifadhi wa Vimwani vya Baharini kwa Njia ya Ubaridi Mkali. Juba haina bahari. Mto upo, mkubwa, unapita mchana na usiku, na vimwani vya mtoni vinapatikana bure chini ya daraja. Lakini waliotoa fedha waliandika baharini, na fedha ikishaandikwa haifutiki. Suala hili nililitaja kwenye kikao cha kwanza. Liliingizwa kwenye kumbukumbu, chini ya Mengineyo.

Jumanne

Leo ilikuwa siku ya kuandaa kemikali ya kinga. Niwaeleze wasiohusika, kwa sababu balaa zote zilizofuata zimeanzia hapa.

Ukikipoza kimwani polepole, maji ya nje yanaanza kuganda kwanza. Barafu inachukua maji matupu na kuiacha chumvi. Chumvi iliyobaki inazidi ukali, inanyonya maji ya ndani ya chembe, chembe inasinyaa. Ukikipoza upesi, barafu inajitengeneza humohumo ndani na kutoboa kila kitu. Kimwani cha baharini kina taabu zaidi, maana chumvi kimezaliwa nayo. Kati ya vifo hivi viwili pana njia nyembamba, na Mmarekani Peter Mazur ndiye aliyeieleza vizuri zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwendo unaopendwa na wengi ni nyuzi moja kwa dakika. Juba hatuna kitu kinachokwenda kwa mwendo unaojulikana.

Kemikali ya kinga inaingia ndani ya chembe, inashikana na maji, inayazuia yasijipange kuwa barafu yenye ncha. Maarufu ni gliseroli, methanoli, na ile inayoitwa dimethili salfoksaidi, ambayo hata wanaoiuza huiita DMSO tu. Zote ni kinga na zote ni sumu, hasa kwenye joto. Ni sawa na mlinzi wa nyumba: usiku mmoja anakufaa, ukimwacha mwezi bila mshahara anaanza kubeba vyombo. Nimeomba radhi kwa mlinzi wetu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu.

Methanoli sikuiagiza. Ni ile pombe iliyoua watu Embu na Kiambu mwezi Mei 2014, na kwenye stoo yetu chupa yoyote yenye kimiminika cheupe huonjwa kwanza, ndipo isomwe.

DMSO tunayo. Chupa moja, nusu lita, ghali. Kwa sababu ni ghali, Mkuu wa idara anaiweka ofisini kwake, kwenye kabati lenye kufuli, chini ya kiyoyozi. Kiyoyozi hicho kina waya wake peke yake kutoka kwenye jenereta na kimewekwa nyuzi 16, ambako kimebaki tangu kilipofungwa kwa sababu rimoti ilipotea siku hiyohiyo. DMSO safi huganda kwenye nyuzi 18 na nusu. Nilipoifuata asubuhi nimekuta bonge jeupe. Nje ilikuwa nyuzi 41. Katika mji mzima, mwezi wa Machi, kitu kilichofanikiwa kuganda ni dawa ya kuzuia kuganda.

Mkuu amesema imeharibika. Nimemweleza kwa taadhima kwamba ikipata joto itarudi. Ametaka ripoti ya upotevu, nakala tatu. Nimeiweka chupa dirishani, nikaenda kuandika ripoti, na nakala ya kwanza haijatoka kwenye printa chupa ilikuwa maji. Ripoti bado inahitajika, kwa sababu imeshapewa namba.

Mchana nimekwenda kutafuta gliseroli, yaani glisirini ya madukani, ya kulinganishia. Kwenye duka la dawa karibu na soko la Konyo Konyo ipo ya chupa ndogo, ya kupaka midomo na visigino. Niliomba isiyo na manukato. Muuzaji amenitazama kwa huruma na kunipa ya waridi, akasema mama watoto atafurahi. Dola yangu ilikuwa na alama ya kalamu pembeni, ikakataliwa. Nimelipa rundo la pauni, na amelihesabu lote kwa vidole vyenye glisirini. Mama watoto yuko Malindi.

Jumatano

Maji ya bahari yamefika.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusitie chumvi kwenye maji ya bomba. Mkuu ameuliza, kwa maandishi. Chumvi ya jikoni imetiwa madini joto na dawa ya kuizuia isishikane, na haina magnesi wala kalsi ya kutosha. Bahari ina vyote hivyo, na chumvi zake kwa jumla ni kama gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Kwa hiyo mjomba amejaza dumu la lita ishirini pale Kilifi na kulikabidhi kwa dereva wa lori la saruji. Dereva ni mtu wa nyumbani. Nimejifunza kutolichukulia hilo kuwa dhamana.

Kwenye kizuizi kimoja barabarani walitaka kujua ndani ya dumu mna nini. Dereva akasema maji. Wakauliza kwa nini mtu atoe maji Kenya ayalete kwenye Mto Nile. Swali hilo, nikiri, hata kwenye andiko la mradi halijajibiwa vizuri. Mmoja akayaonja. Wakakubaliana kwamba yana chumvi, kwa hiyo si maji, kwa hiyo ni bidhaa, na bidhaa ina risiti. Dereva akaeleza kwamba bahari haitoi risiti. Wakamwelewa, na kuelewa huko kukawa na bei yake. Imeandikwa kwenye hesabu zangu, sehemu ya Ukaguzi.

Dumu limefika likiwa na nusu. Lori lilichemka kabla ya kufika Nimule, na utingo, kijana mwenye bidii, akajaza rejeta kwa maji yaliyokuwa karibu. Maji yaliyokuwa karibu yalikuwa Bahari ya Hindi. Dereva anasema tangu hapo lori limetulia. Sikumwambia kitu kuhusu kutu.

Nitrojeni nayo imefika leo, kutoka Uganda. Biashara ya nitrojeni katika nchi zetu imebebwa na ng'ombe. Kabete, nje ya Nairobi, kituo cha kupandisha ng'ombe kwa mrija kilianzishwa 1946. Waganda wana chao Entebbe, na Watanzania Usa River, Arusha. Mbegu za fahali ndizo zilizofungua njia: gliseroli na kiini cha yai, kisha kwenye baridi, miaka mingi kabla ya yeyote kuwafikiria mwatiko wa mjomba. Mtungi wetu ulijazwa lita 25. Hati inasema lita 25. Muhuri unasema lita 25.

Nilipoufungua haukutoa moshi. Nikatumbukiza kijiti kirefu, kikatoka kikavu na vuguvugu. Nitrojeni kimiminika huchemka hata mtungi ukiwa mzima, taratibu, na mtungi huu ulikuwa umekaa kwenye foleni ya malori mpakani kwa muda ambao mtu wa usafirishaji aliuita kidogo. Hakuna aliyeiba. Imerudi hewani, na kwa kuwa hewa karibu sehemu 78 kwa mia ni nitrojeni, hakuna wa kushitakiwa. Nimetakiwa kutia saini kwamba nimepokea lita 25. Nimeandika "ziko hapahapa" na kutia saini.

Mlinzi wetu, mzee aliyejifunza Kiswahili miaka ya ukimbizini Kakuma, ameutambua mtungi mara moja. "Mwalimu," akasema, "hao ni ng'ombe." Nikamwambia si ng'ombe safari hii, Mzee, ni majani ya baharini. Akanyamaza, akauzunguka mtungi. Akasema ng'ombe wa kwenye mrija hata hivyo hawezi kumtolea mahari, kwa sababu wakwe watataka kuona pembe. Akauliza majani hayo yanaliwa na nani. Nikasema vidudu. Vidudu vinaliwa na nani? Samaki wachanga. Akanipa pole, na nadhani alimaanisha.

Alhamisi

Siku yenyewe.

Kwa kuwa nitrojeni imetoroka, Mkuu ametoa azimio kwamba tutumie friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, iliyopo kwenye maabara ya jirani. Nimesema kwa siku chache inafaa, kwa miaka haifai, maana ili vimwani vitulie kabisa vinahitaji kushuka mpaka nyuzi 130 hivi chini ya sifuri. Amesema mradi unaisha Juni. Hoja hiyo sikuwa na jibu lake.

Friza za namna hiyo si ngeni mjini. Chanjo ya Ebola hutunzwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, na ugonjwa ulipokuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, watumishi wa afya wa Sudan Kusini walichanjwa kuanzia mwanzoni mwa 2019. Kwa hiyo baridi hiyo imewahi kupatikana hapa, kwenye nchi ambayo Machi 2024 ilifunga shule zote kwa sababu ya joto. Inawezekana. Inataka tu umeme, mafuta na mtu mwenye ufunguo.

Kazi yenyewe ni fupi. Unachukua vimwani vilivyoshiba. Vyangu ni Tetraselmis, vya kijani, vina vimkia vinne na vinaogelea kwa majivuno. Unavitia kinga tone kwa tone, kwenye barafu, mbali na mwanga mkali, mpaka kinga ifike kama sehemu kumi kwa mia. Unangoja dakika kumi na tano ili iingie ndani. Kisha vichupa vinakwenda kwenye kopo maalumu lenye spiriti ubavuni, kopo linaingia kwenye friza, na spiriti inahakikisha joto linashuka nyuzi moja hivi kwa dakika. Dakika kumi na tano ndiyo roho ya jambo. Pungufu, kinga haijaingia. Zaidi, na hasa kwenye joto, kinga inaanza kuua.

Barafu nimeinunua kwa muuza sangara. Amenikatia bonge kwa panga, na alitaka ninunue na samaki, kwa kuwa barafu bila samaki haijawahi kuuzwa kwake. Nimenunua samaki. Amekaa kwenye boksi moja na vichupa, na baadaye Mkuu ameuliza kama ndiye matokeo.

Vichupa vya nusu ya kwanza nimevitia DMSO, vya nusu ya pili glisirini ya waridi. Wakati wa kufunga kichupa cha mwisho glovu imepasuka. DMSO hupenya ngozi bila hodi, na baada ya muda mfupi unasikia ladha ya kitunguu saumu mdomoni, ingawa hukukila. Mama wa chai chini ya mwarobaini amesogeza kiti chake upande wa pili. Nimekunywa chai ya tangawizi yenye ladha ya saumu, na nimelipa bei ileile.

Nikabonyeza saa ya dakika kumi na tano. Umeme ukakatika.

Jenereta halikuwaka. Dizeli ilikuwa imekwisha tangu jana jioni, lakini taarifa ya kwisha huandikwa kwenye daftari, na daftari lilikuwa limekwisha pia. Kijana ametumwa kituo cha mafuta na dumu. Sudan Kusini huchimba mafuta na kuyauza nje. Foleni ya mafuta huwa hapa ndani. Kijana amepiga simu kusema anaona mwanzo wa foleni, kisha akasahihisha kwamba ni mwisho wake.

Friza ya jirani ina jenereta lake, Mungu awabariki. Nikabeba boksi mpaka kwao. Chumba kilikuwa kimefungwa. Ufunguo uko kwa bwana mmoja, na bwana huyo alikuwa matangani, mtaa wa Gudele. Siwezi kulalamika, marehemu ni shemeji yake. Nikampigia simu kwa sauti ya rambirambi. Akasema ufunguo anao mfukoni na niufuate, ila nisiondoke kabla ya kula, watu wangenielewa vibaya.

Nikapanda bodaboda, boksi mapajani. Njiani dereva akapakia abiria wa pili, mama mwenye kuku, kwa sababu njia ilikuwa moja. Barafu ilikuwa inatiririka kwenye suruali yangu. Matangani nikasalimia wazee kwa mpangilio wa umri, nikanawa, nikakalishwa, nikaletewa asida na mchuzi wa bamia. Saa yangu ya dakika kumi na tano ilikuwa imelia kitambo, nikaizima kwa staha. Jirani yangu kwenye mkeka akauliza kwa upole mbona nanuka saumu na samaki. Nikasema ni kazi. Akasema pole kwa kazi.

Vichupa vimeingia kwenye friza jioni. Vilikuwa bado vya baridi, kwa maana ya kwamba havikuwa vya moto.

Ijumaa

Foleni ya benki. Sitaieleza. Dirisha lililoandikwa Maulizo lilikuwa na karatasi inayosema maulizo yapelekwe dirisha jingine, na dirisha jingine lilikuwa ukuta.

Mchana nimekwenda kuangalia friza. Friza ya namna hiyo, ikiwa imejaa na mlango umefungwa, hutunza baridi kwa saa kadhaa hata umeme ukikatika. Usiku ulikuwa umekatika kidogo. Kila aliyepita aliufungua mlango ili kuhakikisha baridi haijatoka. Karibu na kopo langu nimekuta chupa ya soda ya mtu, imepasuka. Nimeacha kijikaratasi cha pole.

Jumamosi

Leo ilikuwa siku ya kuyeyusha, na Mkuu ameigeuza hafla. Wamealikwa wageni. Imefungwa turubai, yamepangwa viti vya plastiki vya mbele vyenye vitambaa na vya nyuma visivyo na vitambaa. Mimi nimepewa kisichokuwa na mguu mmoja, kwa kuwa ilisemekana nitakuwa nimesimama.

Kuyeyusha kunatakiwa kufanywe upesi, kinyume cha kugandisha, ili barafu isipate nafasi ya kukua tena. Vichupa vinatumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 37 mpaka 40, vinatikiswa, dakika moja au mbili basi. Maabara za watu zina beseni la umeme la kazi hii. Sisi tuna tangi jeusi juu ya paa. Saa saba mchana nimefungua bomba la maji ya baridi na kuweka kipimajoto: 39. Sikuhitaji kuongeza wala kupunguza. Ni huduma pekee iliyofika kwa wakati wiki hii.

Mgeni rasmi alichelewa, kisha akafika, kisha akahutubia. Amezungumzia amani, vijana, na utajiri wa samaki. Mara mbili Mkuu amenipa ishara nitoe vichupa ili watu waone, na mara zote mbili nimejifanya naangalia turubai. Kichupa kikitoka kwenye baridi hakisubiri salamu. Nilipovitoa mwishowe, ndani ya boksi la sangara, nimevitumbukiza mara moja, na waliokuwa viti vya nyuma wakapiga makofi kwa kuwa walidhani imekwisha. Ilikuwa imekwisha.

Wageni wameuliza samaki yuko wapi. Mkuu amewaahidi awamu ya pili.

Baada ya hapo unaipunguza kinga taratibu kwa kuongeza maji safi ya bahari, na unaviacha vimwani gizani siku nzima vipate nafuu, kwa sababu mwanga unawaumiza wagonjwa hawa. Giza sikulitafuta. Umeme ulikatika saa moja jioni na haujarudi.

Jumapili

Nimeamka mapema, kwa hisani ya mjomba.

Hadubini ya umeme ni pambo kwa leo. Nimetoa ile ya zamani yenye kioo cha kunasia jua, nikaiweka barazani. Mlinzi akaja akasimama karibu, akiniziba jua kiasi. Kabla ya kuangalia nimetaka kujua kichupa kipi ni kipi, na hapo nimegundua lebo. Ofisi ya manunuzi ilitununulia lebo za daftari badala ya zile za baridi kali. Gundi ilikuwa imeyeyuka kwenye maji ya tangi, na lebo zote zilikuwa zimelala chini ya beseni, zikisomeka vizuri.

Hapo nimekumbuka kisa cha mwaka 1949. Pale Mill Hill, London, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo kwa kutumia sukari, bila mafanikio. Inasimuliwa kwamba chupa moja siku moja ilifanya maajabu. Walipoipima, wakakuta si sukari bali gliseroli. Lebo zilikuwa zimechanganyika. Kutokana na chupa hiyo wakaja mafahali wa Kabete na mengine yote. Miaka kumi baadaye James Lovelock na mwenzake Bishop wakaonyesha kwamba DMSO nayo inakinga, na Lovelock akaishi mpaka 2022, akitimiza miaka 103. Lebo zao zilipochanganyika waliandika kwenye jarida la Nature. Zangu zimetakiwa zielezwe kwa Ofisi ya manunuzi.

Nimetumia pua. Vichupa vya glisirini vilikuwa bado na waridi, na ndani yake kila kimwani kilikuwa kimelala, cheupe, kimekwisha. Vichupa visivyo na waridi vingi vilikuwa hivyohivyo. Lakini kwenye kimoja, na halafu kwenye kingine, kulikuwa na mizunguko. Chembe ya kijani inakwenda, inagonga ukingo wa tone, inageuka, inarudi. Si nyingi. Nimezihesabu mpaka jua likahama. DMSO imefanya kazi yake baada ya foleni ya mafuta, matanga ya Gudele na hotuba ya mgeni rasmi, jambo ambalo vitabu havilitaji kwenye sehemu ya mbinu.

Nimempisha mlinzi aangalie. Ameinama muda mrefu. "Zinatembea," akasema. Akauliza zilikuwa zimekufa kweli au zilikuwa zimelala. Nikasema, Mzee, hilo wanalijadili mpaka leo. Akasema yeye angependa kujua bei.

Nimempigia mjomba kumpa habari njema. Hakupokea. Kwake ilikuwa saa nane mchana, na amelala.

Sasa vimwani vilivyopona vinahitaji maji mapya, na dumu limebaki na matope ya mwishomwisho. Kwa hiyo msomaji, ikiwa unakuja Juba kutoka Pwani wiki mbili hizi, kwa basi au kwa lori, naomba lita ishirini za maji ya bahari. Yachotwe mbali na bandari, maji yakiwa yamejaa. Dumu lifungwe nyuma kabisa, mbali na utingo. Na tafadhali njoo na risiti.